Vijiko Viwili Kila Alfajiri

Saladi za Kezia zilianza kuungua kingo Jumatatu, na kufika Ijumaa zilikuwa zimelegea kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Asubuhi hiyo Kezia alisimama mlangoni akizitazama, ndoo ya maji mkononi, na kitu cha kwanza kilichomjia hakikuwa huzuni wala hasira. Kilikuwa usingizi. Alitamani aiweke ndoo chini, ajilaze pale pale sakafuni, aamshwe mwakani.

Lakini nani angemwamsha? Na nani angebeba maji? Akaimimina ndoo pipani, akarudi kisimani kuchota nyingine.

Shamba lake lilikuwa sebuleni. Makochi aliyauza mwaka juzi, na mahali pake yakaja mabomba manane ya plastiki nyeupe, yamepangwa kwa ngazi juu ya fremu ya mbao. Kila bomba lilikuwa limetobolewa matundu, kila tundu limekalishwa kikombe, na kila kikombe kilikuwa na mche ulioshikiliwa na kokoto. Pembeni lilisimama pipa la lita mia lenye mfuniko mweusi. Ndani yake pampu ndogo ilisukuma maji mpaka bomba la juu, maji yakashuka bomba kwa bomba yakilamba mizizi, yakarudi pipani, yakapandishwa tena. Darini zilining'inia taa za rangi ya zambarau, kufidia jua lisilofika. Udongo haukuwamo hata wa kuchafua kucha.

Usidhani Kezia alikuwa mtu wa kupenda mambo mapya. Ni mgongo uliomwingiza humo. Mumewe Manirambona alipofariki, miaka sita iliyopita, Kezia aliendelea kulima mashamba ya kukodi nje ya mji wa Kasulu, mpaka siku alipoinama kuinua gunia la mihogo akashindwa kunyanyuka, iwe na gunia au bila gunia. Daktari alimpiga picha, akaitazama, akasema jembe basi. Alivyolisema kirahisi ungedhani anamkataza soda. Kezia alirudi nyumbani akalia siku mbili. Siku ya tatu akasikia kwamba Kibondo kuna mafunzo ya kulima bila udongo kwa wanawake wasio na ardhi. Ardhi hakuwa nayo, mgongo hakuwa nao. Akaona sifa zote anazo.

Huko Kibondo mwalimu wao aliitwa Mudathiri, kijana mpole aliyevaa suruali ya kupigwa pasi hata siku ya kubeba kokoto. Aliwafundisha kwamba mmea hauli udongo. Unakula kile kilichoyeyuka kwenye maji ya udongo, na kitu hicho kinaweza kutiwa kwenye kopo. Makopo yalikuwa mawili, la A na la B, yote yana punje nyeupe. "Chumvichumvi," alisema, kwa jina lile lile wakulima wanaloiitia mbolea ya dukani. Kijiko cha A, koroga. Kijiko cha B, koroga. Usipunguze kwa ubahili, usizidishe kwa huruma. Siku ya mwisho alichovya kidole kwenye pipa la mafunzo akakilamba, wanawake wakapiga kelele.

"Tone haliui mtu," akasema. "Si la kunywa, lakini onjeni mjue watoto wenu wanakula nini."

Kezia alionja. Yalikuwa na ukali kidogo, kama msumari wenye kutu, basi.

Kilimo hiki, Mudathiri alisema, hakina palizi, hakina jembe, hakina kuinama. Yote kweli. Alichosahau kusema ni kwamba shamba la udongo hulala, na hili halilali. Umeme ukikatika pampu inazimika, na mizizi iliyo uchi haivumilii saa nzima bila maji. Basi kila umeme ulipokwenda zake, Kezia alipanda juu ya kigoda na kopo lake, akamimina maji bomba la juu, akangoja yashuke, akamimina tena, mpaka umeme utakapojisikia kurudi. Aliacha jembe akawa pampu.

Hata hivyo mambo yalikwenda. Saladi na giligilani zilitoka, na kila Ijumaa Shamsia, mwenye hoteli karibu na stendi, alichukua kapu zima. Wageni wake wa semina walipenda majani mabichi yasiyo na mchanga. Kapu hilo la Ijumaa ndilo lililomweka Kezia mjini, ndilo lililolipa kodi ya nyumba na unga, na bila hilo hakukuwa na lingine.

Nyumbani walikuwa wawili. Wa pili alikuwa Ndayikunda, mama yake marehemu Manirambona, bibi wa miaka themanini na ushei, mwembamba, mwenye macho yasiyokosa kitu. Kezia alimwita Mabukwe, ndivyo mama mkwe anavyoitwa kwao, naye alimwita Kezia mukazana, yaani mke wa mwanangu. Mabukwe alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili na mtoto mgongoni. Akakaa kijijini upande wa Nyabibuye, akatolewa huko akapelekwa kambini Mtabila. Alipotoka Mtabila akaenda kwa mwanawe mkubwa, Harerimana, kule Kumsenga, na Kumsenga akaja Kasulu, Manirambona alipomchukua. Uraia alishaupata. Karatasi yake aliiweka ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko ndani ya mfuko mwingine.

"Nimehamishwa mara nne," alikuwa akisema. "Ya tano iwe ya kaburini."

Hakuwa akilalamika. Alikuwa anatoa taarifa. Kumsenga hakukuwa kubaya, lakini watu wa nyumba ile walitoka alfajiri kwenda shambani wakarudi jua linazama, na miaka miwili aliyoishi huko, alisema, aliyoyaongea na kuku yanamtosha. Hapa Kasulu alipika maharage, alisalimia wapita njia, na aliuliza kila siku kama kuna kazi ya kusaidia kwenye mabomba. Kila siku Kezia alimjibu, "Pumzika, Mabukwe." Alidhani anamheshimu. Kusema kweli alikuwa amechoka tu, na kumfundisha mtu kazi ni kazi nyingine.

Mara moja tu alimpa kazi. Ilikuwa kama majuma mawili na nusu nyuma, makopo ya A na B yalipokaribia kwisha na Kezia akalazimika kwenda Kibondo kununua mengine. Gari lilikuwa linapiga honi barabarani. Alisimama mlangoni, begi begani, akamwagiza mkwewe kwa Kirundi cha haraka: taa asizime, pampu asikilize isinyamaze, na asubuhi atie vijiko viwili pipani. Mabukwe akaitika, "Ego, mukazana." Uso wake ulichangamka kama wa mtu aliyeitwa kazini baada ya miaka ya kukaa benchi. Kezia aliuona uso ule, akakimbilia gari.

Alirudi siku ya tatu, akakuta taa zinawaka na pampu inavuma. Akashukuru, akalala. Tangu hapo mambo yakaanza kwenda kombo polepole, na aliyechoka huwa wa mwisho kujua.

Kwanza kipimo. Mudathiri aliwapa kila mmoja kipimo chenye umbo la kalamu, unakichovya majini kinakwambia chakula kipo kiasi gani. Kipimo kikaanza kusema chakula kimezidi. Kezia akampigia simu mwalimu.

"Basi usiweke tena chumvichumvi," Mudathiri akasema. "Punguza yaliyo pipani, ongeza maji matupu mpaka namba ishuke."

Akaongeza. Ndoo tatu kutoka kisimani, mgongo ukimlilia. Jioni namba ilishuka kidogo. Asubuhi imepanda tena. Akaongeza ndoo nyingine tatu. Kipimo kiliapa kwamba mboga zimeshiba, na mboga zenyewe zilikuwa na sura ya njaa, majani ya chini yakigeuka manjano, ya juu yakiungua kingo. Kezia akakiamini kipimo, maana kipimo kilikuwa cha kizungu na mboga zilikuwa za kwake.

Pili ilikuwa midomo ya watu. Zile taa za zambarau zilipenya pazia, na wapita njia waliziona. Wengine walikiita kilimo cha disko, wakacheka. Ambao hawakucheka walisema ni mboga za dawa. Na neno dawa, huku kwetu, lina milango mingi: unaweza kuliingia kwa hospitali ukatokea kwa mganga.

Tatu ilikuwa maharage. Siku moja yalikuja chapwa, hayana chumvi hata chembe. Kezia alikula akanyamaza. Kesho yake chapwa. Siku ya tatu chapwa. Mabukwe naye alikula kwa utulivu, kana kwamba hakuna lililopungua. Siku tisa mfululizo Kezia alikula maharage yasiyo na chumvi, na siku tisa akajiambia, bibi ameanza kusahau. Aliwahi kuona wazee wakianza hivyo. Leo chumvi, kesho jiko linawaka hakuna sufuria, kesho kutwa anapotea njia ya chooni. Kumwuliza hakumwuliza. Angeuliza angejibiwa, akijibiwa ingebidi afanye kitu, na nguvu ya kufanya kitu hakuwa nayo.

Jumatano jioni alisimama nyuma ya nyumba akampigia Harerimana.

"Shemeji, njoo Jumamosi umchukue mama. Anasahau. Mimi siwezi tena, mboga zinakufa na mimi mwenyewe nakaribia."

"Sawa, shemeji," Harerimana akasema. "Nitakuja na pikipiki."

Kezia alirudi ndani akimwonea aibu hata mlango. Lakini chini ya aibu ile kulikuwa na nafuu, na alijua ni nafuu, na hakuifukuza. Alijiambia atamweleza Mabukwe kesho. Alhamisi ikapita hakumweleza.

Ijumaa hiyo basi, baada ya swala ya mchana, Shamsia akaja mwenyewe badala ya kutuma mtu. Alishuka kwenye bajaji na baibui lake linalonukia udi, kapu tupu mkononi. Babu yake alitoka Tanga na bidhaa zake akaishia Kasulu, lakini ulimi aliwaachia wajukuu vile vile alivyokuja nao.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, dada Shamsia."

"Nimekaribia. Shikamoo, bibi." Mabukwe, aliyekuwa kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni akichambua maharage, akaitikia marahaba. Shamsia akageuka. "Dada Kezia, mimi mtu wa mkato. Juzi mgeni wangu karudisha sahani, anasema saladi ina ladha haielewi. Na mpishi wangu ananiambia mtaani wanasema mboga zako unazipa dawa. Nikamwambia huo umbea. Lakini wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nimekuja nione kwa macho yangu."

Kezia hakuwa na la kuficha, wala nguvu ya kuficha. Akavuta pazia. Shamsia akatazama mabomba manane ya majani yaliyoungua, akashika kidevu.

"Ya Rabi. Zinaumwa nini?"

"Sijui, dada yangu. Nakwambia kweli, sijui."

"Na humu mna nini?" Akaligusa pipa kwa ncha ya kiatu.

"Maji na chakula chao."

"Chakula, au dawa?"

Kezia alifungua mdomo aanze habari ya A na B, akaufunga. Alishaieleza habari hiyo mara mia, na hakuna aliyewahi kutoka amesadiki. Ndipo sauti ikatoka kwenye mkeka.

"Mukazana, si unywe wewe kwanza? Mgeni anaogopa. Mwenye mtungi anakunywaga wa kwanza."

Ndivyo kwao, na kwa Waha ni hivyo hivyo. Anayekupa kinywaji hupiga funda la kwanza mwenyewe, mbele ya macho yako, ndipo akupe, ujue hakutia kitu. Asiyeonja anakutukana, au ana sababu. Shamsia, mzaliwa wa Kasulu, aliijua desturi hiyo vizuri. Akakunja mikono akangoja.

Tone haliui mtu, Kezia akakumbuka. Akachukua kikombe, akafunua pipa, akachota, akanywa.

Chumvi.

Si ule ukali wa msumari. Ilikuwa chumvi ya chakula, chumvi ya Uvinza, ile ile ya pakiti iliyokaa jikoni juu ya debe la unga. Mtu mwingine labda angeibahatisha, lakini ulimi uliokaa siku tisa bila chumvi haukosei. Aliyashika maji yale mdomoni bila kumeza, akageuka polepole, akamtazama Mabukwe. Bibi alikuwa amenyanyua uso kutoka kwenye ungo, ametulia, anangoja kusikia kazi yake imekuwaje.

Hapo Kezia akasikia sauti yake mwenyewe mlangoni, begi begani, gari likipiga honi. Chumvichumvi, Mudathiri alisema. Kwa Kirundi neno hilo halipo, na kulitafuta kulihitaji dakika moja ambayo hakutaka kuitoa. Alisema umunyu. "Ni umunyu wa mboga, Mabukwe, vijiko viwili asubuhi." Makopo yenyewe yalikuwa rafu ya juu, mkono wa bibi haufiki, wala hakumwonyesha. Na umunyu, kwa Mrundi, kwa Muha, kwa mtu yeyote aliyewahi kupika sufuria upande huu, ni kitu kimoja tu: chumvi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Na hakuwahi kumwambia aache. Kila alfajiri, Kezia akiwa bado amelala kama gogo, bibi aliinuka, akatia vijiko vyake viwili pipani. Kila mchana Kezia akabeba ndoo tatu kuifukuza chumvi ile. Na kipimo, ambacho hakijui chumvi hii na ile, kikahesabu tu.

"Mbona umenyamaza?" Shamsia alirudi hatua moja. "Kezia! Umemeza nini?"

Kezia akameza. Kusema ilikuwa rahisi: ni huyu bibi, akili imemwacha, kesho anaondoka. Shamsia angeelewa, pengine hata kapu angelisamehe. Lakini mpishi angeulizwa na mpishi angejibu, na mji ambao tayari unasema mboga za dawa, ukipewa kikongwe wa kumtwisha uchawi, hauulizi mara mbili. Zaidi ya hayo, haingekuwa kweli.

"Maji yana chumvi," akasema. "Chumvi ya kupikia. Kosa ni langu mimi, nilitoa maelezo vibaya."

Shamsia alimkazia macho. Kisha, mwanamke jasiri yule, akachovya kidole, akalamba.

"Chumvi wallahi!" Akaangua kicheko. "Dada Kezia, umezipikia mchuzi! Na mimi mtaani nasikia ndumba, kumbe ni chumvi!" Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Alipomaliza aliyatazama majani tena, na kicheko kikaisha. "Sasa nitakwambia ukweli. Sumu hakuna, nimeona, na nitawaambia. Lakini hivi siwezi kumwekea mgeni. Nitachukua kwa muuzaji mmoja wa Kigoma. Ukipata nyingine nipigie, tutaona kama nafasi ipo."

"Ni wiki tano," Kezia akasema.

"Basi wiki tano."

Akaondoka na kapu lake tupu. Pampu ikaendelea kuvuma kama kawaida yake, haikuwa na habari.

Mabukwe aliweka ungo chini. "Nimeharibu," akasema. Hakuwa anauliza.

"Ile chumvi, Mabukwe. Ulikuwa unaitoa jikoni?"

"Iko wapi nyingine? Ulisema umunyu."

"Nilikusudia siku zile tatu tu."

"Hukusema niache." Bibi alifikiri kidogo. "Nikaona mboga zinazidi kudhoofika, nikajua zina njaa. Na umunyu unakwisha. Wewe umechoka, nitakuomba umunyu? Nikasema sisi tuna mazoea, Mtabila tulikula bila umunyu na hatukufa. Mboga ndizo zinatulisha, tuziachie."

Kezia alikaa chini sakafuni, jambo ambalo mgongo wake haukuruhusu, akakaa hivyo hivyo. Siku tisa. Siku tisa alikuwa akimhesabia mwenzake kusahau, na mwenzake alikuwa anakumbuka kila alfajiri.

"Harerimana anakuja saa ngapi kesho?" Mabukwe akauliza.

Kezia aliinua uso. "Nani kakwambia?"

"Ulikuwa nyuma ya nyumba. Dirisha langu si liko hapo?" Akaonyesha kwa kidevu. Kwenye kona, nyuma ya mlango wa chumba chake, kitenge kilikuwa kimekwisha kufungwa fundo, na juu ya fundo ule mfuko wa nailoni wenye karatasi. "Nimefunga tangu juzi. Nilitaka tu nisikuachie mboga zenye njaa."

Kezia alitaka kumpigia magoti, alitaka kumkaripia kwa kumtia uchungu kiasi kile, alitaka kulala. Akasema, "Tumwage maji kwanza," kwa sababu hilo ndilo aliloliweza.

Wakayamwaga. Kezia alichota kwa ndoo nusu nusu, Mabukwe akashika mlango. Walisuuza mabomba, wakang'oa miche iliyokufa, wakabakiza kumi na mbili yenye mioyo mibichi, wakaisimamisha kwenye beseni la maji safi. Kezia akashusha makopo ya A na B kutoka rafuni, akayaweka kwenye kigoda, mkono wa bibi unapofika. Kwenye la A akafunga uzi mwekundu. Alijaribu kumpigia Harerimana mara nne, hakupatikana. Jua likazama, akalala na nguo zake.

Jumamosi saa nne asubuhi pikipiki ikasimama mlangoni. Harerimana alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye vumbi la Kumsenga mpaka kwenye kope, na kamba ya kufungia mzigo imezungushwa begani. Alimsalimia mama yake kwa mikono miwili, akakaa, akatazama mabomba yaliyo wazi. Mabukwe akamletea sahani ya maharage na ugali. Harerimana alitia tonge mdomoni, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Hayana chumvi," akasema polepole. Akamtazama Kezia kwa huruma ya kweli, ndiyo iliyomuumiza zaidi. "Ndiyo uliyoniambia, shemeji. Sasa nimeona mwenyewe." Akaweka sahani chini, akaifungua kamba begani. "Mama, mzigo wako uko wapi?"

Mabukwe akainuka kwenda kuuchukua. Alikuwa na uzoefu.

"Acha," Kezia akasema.

"Shemeji?"

"Chumvi hakusahau. Nimesahau mimi. Ilikwisha, jana nilikuwa ninunue nikasahau. Na iliyokwisha ilikwishia pipani, kwa sababu nilimwagiza mimi aitie, kwa neno langu mwenyewe, nikasahau kumwambia aache. Yeye hajasahau kitu. Kila alfajiri ameamka kabla yangu kufanya nilichomtuma." Akaitazama ile kamba. "Haendi popote."

Harerimana alimtazama, akamtazama mama yake aliyesimama na mzigo mikononi katikati ya chumba. "Shemeji, nimeendesha toka alfajiri. Na mwezi ujao ukichoka utanipigia tena."

"Pengine nitakupigia. Kuchoka nitachoka, nisikudanganye. Nikipiga, njoo unibebee maji wiki moja. Usije na kamba."

Harerimana akaizungusha kamba begani mwake tena, mzunguko kwa mzunguko, akavuta sahani, akala maharage yale chapwa mpaka mwisho, akaikombeleza kwa kidole. Alipomaliza alichukua ndoo mbili nyuma ya mlango akaenda kisimani. Alikwenda safari tatu, pipa likajaa, ndipo akawasha pikipiki yake.

Mchana Kezia alikwenda dukani akanunua pakiti ya chumvi. Wiki tano zilikuwa mbele yake bila kapu la Ijumaa, na mgongo ulikuwa ule ule, hakuna aliyempa mwingine. Aliporudi alimkuta Mabukwe jikoni, sufuria la jioni likichemka, mzigo wa kitenge umefunguliwa na kitenge chenyewe amekivaa. Akampa pakiti kwa mikono miwili.

Bibi aliifungua kwa meno. Akatia kidogo, akakoroga, akachota mchuzi kwa mwiko. Akapuliza, akaonja yeye kwanza, mbele ya macho ya Kezia, akameza. Kisha akampa mwiko.

Maharage yalikuwa yamekolea. Kezia alikula hapo hapo amesimama, akaomba tena.